Sweta la Damu ya Mzee

Vitanzi vilikuwa tisini na viwili alipoiacha sindano kwenda kuipua chai, na aliporudi vilikuwa tisini na vitatu.

Bi Sindano alivihesabu tena kwa kidole, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Tisini na vitatu. Mtu mwingine angesema amekosea hesabu, akanywa chai yake yakaisha. Lakini huyu hakupewa jina hilo bure. Miaka ishirini na sita alikuwa amewafumia watu masweta, kofia na soksi katika chumba hicho cha mbele, chenye dirisha linalotazama barabara, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha kazi. Akigundua kosa kwenye mstari wa kumi naye yuko wa themanini, alifumua yote huku akisonya, akaanza upya. "Kosa halilali kwenye kazi yangu," ndivyo alivyopenda kusema, na majirani walimtania kwamba siku akifa ataamka aifumue sanda.

Basi akachomoa sindano, akavuta uzi, akafumua mstari mmoja.

Chumba cha pili binti yake akapiga ukelele mfupi.

"Vipi tena, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama. Kidonda kimenichoma."

Binti alikuwa mzazi wa siku nane. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza wa Bi Sindano, na ndiye aliyekuwa akifumiwa shali. Mumewe alifanya kazi mbali, kwa hiyo alikuja kuuguzwa kwa mama yake. Bi Sindano alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na alimpenda kwa namna ya watu wasiojua kusema. Aliyasema yake kwa sindano.

Sasa ni lazima ijulikane uzi ule ulitoka wapi, maana huko ndiko kwenye mzizi wa fitina.

Chumbani mle palikuwa na viti viwili. Cha pili kilikuwa cha Bi Kimya, mfumaji mwenzake kwa miaka kumi na tisa, mwanamke aliyeweza kukaa kutwa nzima asitamke maneno kumi. Alikuwa na zoea moja la ajabu. Kila alipofungua bonge jipya la uzi, alikata kipande cha urefu wa kiganja, akakilaza dirishani. Kesho yake kipande hakipo.

"Panya hao," Bi Sindano alisema siku moja.

"Si panya. Yuko mwenzangu wa kazi. Naye lazima apate chake."

Wakacheka wote wawili. Mmoja wao alikuwa hatanii.

Bi Kimya alipopata ugonjwa wa kifua, alianza kumfumia sweta mwanawe wa pekee, msichana ambaye kila mtu alimwita Pengo kwa ajili ya jino lake la mbele. Uzi wenyewe ulikuwa wa sufu laini, rangi ya damu ya mzee, na aliununua bonge moja moja kwa mwaka mzima. Miezi miwili alifuma huku akikohoa, chumba kikinuka kafuri na dawa ya kuchua. Ikabaki kola tu, vitanzi arobaini vikiwa bado kwenye sindano, nguvu zikamwishia. Akamkabidhi mwenzake kwa mikono miwili.

"Nifungie kola, umpe mwanangu. Kazi yangu usiifumue."

"Nitafunga," alisema Bi Sindano. "Hii ni amana."

Siku mbili baadaye alizikwa.

Mwanzoni Bi Sindano alikuwa na kazi nyingi. Kisha akasahau. Kisha, na hapa tusimfiche, hakusahau hata kidogo. Alikuwa akilitoa sweta sandukuni na kulipapasa, akijua kwamba uzi kama ule haupatikani tena madukani, na kwamba yeye mwenyewe, pamoja na jina lake lote, hajawahi kufuma kitu kizuri namna ile. Binti yake alipokaribia kujifungua, akajipa sababu. Marehemu hasikii baridi. Pengo hajui kama ni lake. Mchana mmoja akaichomoa ile sindano kwenye vitanzi arobaini, akavuta. Kazi ya miezi miwili iliisha kwa saa mbili.

Aliufua uzi, akauning'iniza na jiwe ili unyooke. Haukunyooka. Aliufua mara tatu, na mara zote tatu ulibaki na mikunjo ileile ya vitanzi vya mwenyewe.

Nesi aliyekuwa akija kusafisha kidonda alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mdomo usiofunga breki. Siku ile alifungua bandeji akanyamaza.

"Mama, huyu alishonwa nyuzi tisa. Nilizihesabu mwenyewe."

"Ndiyo."

"Naona nane."

Bi Sindano akasogea. Palipokuwa na uzi mweusi sasa palikuwa na tundu mbili ndogo na mdomo mwekundu wa nyama.

"Labda umekatika."

"Ukikatika huacha vipande. Huu umechomolewa." Nesi alimtazama mzazi, kisha mama mtu. "Nani anamchezea kidonda huyu?"

"Nani amchezee, nesi? Tupo wawili na kichanga."

Nesi alipoondoka, Bi Sindano alirudi kwenye kiti chake, na hapo akakiona. Dirishani, mahali palepale pa Bi Kimya, kulikuwa na uzi mweusi mfupi wenye fundo dogo. Aliupuliza nje kwa mdomo, hakutaka kuugusa. Akaendelea kufuma, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi na hakujua kitu kingine cha kufanya.

Shali ya mtoto ni kitu cha mraba. Hata anayejifunza leo anaiweza. Lakini ya Bi Sindano ilianza kupungua pembeni, vitanzi vinne huku, vinne kule, kwa ustadi kabisa, na alipoitandaza mapajani alikuta imekuwa na sehemu ya kwapa. Alisonya, akafumua mistari miwili. Binti akalia. Dirishani zikawa nyuzi mbili nyeusi.

Siku ya tatu mvua ilianza mchana, baada ya chakula, wakati ambao watu huinamisha vichwa na mitaa hunyamaza. Binti na mtoto walikuwa wamelala. Bi Sindano alishusha macho kwenye kazi yake, akaona si shali tena. Mabega yalikuwa yameshatokea, mabega ya msichana, na shingo ilikuwa imeanza kujikata yenyewe. Hasira zikampanda. Miaka ishirini na sita kazi haijamshinda, ije imshinde kwa uzi wa kuokota! Akaichomoa sindano, akaanza kuvuta, na alipovuta alisikia kutoka kwenye kile kiti cha pili mlio alioujua kuliko mlio wa moyo wake, tik, tik, tik, sindano mbili zikigongana taratibu, na hewa ikajaa kafuri na dawa ya kuchua na sufu mbichi, naye hakugeuka, alivuta kwa nguvu zaidi kama mtu anayekimbia bila kuinuka, mstari baada ya mstari, na uzi ulikuwa ukimtoka mikononi wenyewe sasa, ukienda sakafuni, ukipita chini ya meza, ukielekea kwenye kiti kile ambacho mto wake ulikuwa umebonyea kana kwamba kuna mtu ameukalia, na hata binti alipoanza kupiga mayowe, mayowe ya kweli, ilimchukua Bi Sindano pumzi tatu nzima kuelewa kwamba mikono yake ndiyo inayompigisha mayowe mwanawe.

Aliiachia kazi. Mlio wa sindano ukakoma.

"Ulimfumulia wangu." Sauti ilikuwa ya chini, haina haraka, haikuwa ya Bi Kimya wala ya mtu yeyote. "Nami ninamfumua wako."

Alipofika chumba cha pili, shuka lilikuwa na damu mpaka pembeni. Mtoto alikuwa macho, kimya, akitazama dari.

Hospitali walimshona upya, nyuzi tisa. Daktari aliuliza maswali mengi kwa ukali, akaandika kwamba mgonjwa asinyanyue kitu kizito. Bi Sindano aliporudi nyumbani aliutia uzi na kazi yote sandukuni, akafunga kwa kufuli, ufunguo akauning'iniza shingoni. Kesho yake adhuhuri binti akashika tumbo. Sanduku lilikuwa limefungwa vilevile, ila chini ya kifuniko ulikuwa umetokeza uzi wa damu ya mzee, umejinyoosha mpaka dirishani, na hapo dirishani palikuwa na uzi mweusi mmoja.

"Mama," binti alinong'ona, kama anaogopa kusikiwa na ukuta. "Mama, kuna nini humu ndani? Niambie. Nakufa?"

"Hufi," alisema Bi Sindano, na hakuwa na uhakika.

Sokoni kulikuwa na mwanamke aliyeuza vifungo na zipu kwenye kibanda kisichozidi kabati. Watu walimwita Bi Vifungo. Mchana aliuza, na waliofikwa aliwasikiliza palepale, bila kuacha kupanga bidhaa zake. Alimsikiliza Bi Sindano mpaka mwisho, akipanga vifungo vya lulu kwenye kadi.

"Marehemu amelala," alisema. "Msimsingizie. Huyu ni jini, yule mwenzake wa kazi aliyekuwa akilishwa uzi. Alikula kwa mkono wake miaka kumi na tisa, naye alikuwepo ulipoitamka amana. Unafikiri aliyesikia ni mgonjwa peke yake?"

"Nifanyeje, dada? Nichinje nini? Nilipe nini?"

"Ulipe nini! Ulikula kazi ya watu, unataka kulipa kuku?" Bi Vifungo aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Lifume upya sweta lilivyokuwa. Usifumue hata kitanzi kimoja, hata ukikosea. Kila kitanzi utakachokifumua, unajua kinatoka wapi. Kitanzi cha mwisho kabisa kiache wazi. Peleka sweta kwa mwenyewe, mwambie kwa mdomo wako ulichofanya, chote, halafu ukifunge mbele yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Chote, mama. Jini akisikia nusu, atakuachia nusu. Sijui atachagua ipi."

Siku sita Bi Sindano alifuma. Hakuna adhabu ambayo angebuniwa ikampata kama ile. Uzi ulikuwa ukimkwepa, vitanzi vilijipindua, mstari ulianza na vitanzi mia ukamalizika na mia na vitatu, na kila kosa lilibaki pale alipolikosea, likimtazama. Vidole vilimwasha kwa kutaka kufumua. Mara moja aliinua kidole, na chumba cha pili binti akashtuka usingizini, naye akakishusha. Upande wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia. Kwenye kifua palikuwa na uvimbe kama fundo la gunia. Alilia, na ukweli ni kwamba siku nyingine hakulia kwa hofu, alilia kwa aibu ya kazi mbaya. Lakini kidonda kilianza kukauka. Nesi alisema, "Sasa ndiyo naona watu wanaotunza mgonjwa," na Bi Sindano akainamisha kichwa.

Pengo alikuwa anafua na kupiga pasi kwenye nyumba ndogo ya wageni, chumba cha nyuma chenye mvuke na mashuka yaliyorundikana mpaka dirishani. Bi Sindano hakuwa amemwona tangu mazishi. Alimkuta amesimama kwenye meza ya pasi, mikono mitupu katika gauni jepesi, anakohoa. Kikohozi kilikuwa cha mama yake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mbona umekonda hivi?"

"Sijambo. Kipindi hiki ni cha baridi tu."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Alikuwa ameyakariri njia nzima. Lakini msichana alimkaribisha kwa kiti, akafuta meza, akamtazama kwa macho ya mtu anayefurahi kukumbukwa, na ulimi wa Bi Sindano ukachukua njia ya mkato.

"Mama yako aliniachia uzi kabla hajafa," alisema, akilitoa sweta kwenye mfuko. "Akaniambia nikufumie. Nimechelewa, unisamehe, kazi zilinizidi. Kimebaki kitanzi kimoja, nikifunge hapahapa."

Pengo aliliweka sweta shavuni, akafumba macho. Bi Sindano akachukua ncha ya uzi, akaipitisha kwenye kitanzi cha mwisho, akakaza. Alipotoa vidole, kitanzi kilikuwa wazi. Akapitisha tena, akakaza kwa meno. Wazi. Mara ya tatu mvuke wa pasi ukabadilika harufu, ukawa kafuri, ukawa dawa ya kuchua, na nyuma ya rundo la mashuka, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya mtu kukaa, kitu kikaanza kugonga, tik, tik, tik. Pengo akafumbua macho.

"Hiyo harufu..."

Simu ikalia mfukoni mwa Bi Sindano. Alikuwa nesi. "Mama uko wapi? Rudi! Kinafunguka mbele ya macho yangu, na hakuna anayekigusa!"

Bi Sindano alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji, na yakamtoka yote, bila mpangilio, la kwanza nyuma na la mwisho mbele: vitanzi arobaini, sanduku, jiwe la kunyooshea, shali ya mjukuu, marehemu hasikii baridi, Pengo hajui, na jinsi alivyokuwa akilipapasa kwa wivu hata kabla ya mimba ya binti, kwa sababu lilikuwa zuri na hakulifuma yeye. "Aliniambia nisiifumue kazi yake. Nikaifumua. Huu uzi ndio uleule. Mwanangu anatoka damu kwa ajili yangu. Nihurumie, nakuomba, nifunge kitanzi hiki."

Pengo alilitandaza sweta juu ya meza ya pasi, akalipitia lote kwa kiganja. Kwa kunyamaza alikuwa mama yake mtupu.

"Lilikuwa na makosa haya?" aliuliza hatimaye, akigusa ule uvimbe wa kifuani.

"Hapana. Lilikuwa halina kosa hata moja."

"Ulilifumua kwa muda gani?"

"Saa mbili."

"Mimi nilikuwa namshikia beseni akikohoa, aendelee kufuma. Miezi miwili. Nikawa nauliza, mama, unamfumia nani? Anacheka tu." Machozi yalikuwa yakimshuka lakini sauti haikutetemeka. "Alipokufa nikajua alimfumia mteja. Nikasema hata siku za mwisho alikuwa wa watu, si wangu. Nimemchukia mama yangu mwaka mzima, mama mkubwa."

Aliivua pini iliyoshikilia gauni lake begani. Akalivaa sweta, refu huku, fupi kule, likampwaya. Kisha akakichukua kile kitanzi cha mwisho, pale shingoni, akakipitishia pini, akaifunga.

"Sweta ni langu. Kitanzi nacho ni changu. Nitakifunga siku nitakayokusamehe."

"Lini, mwanangu?"

"Siijui."

Mlio nyuma ya mashuka ukakoma. Kwenye simu, ambayo ilikuwa bado haijakatwa, nesi alikuwa akisema peke yake: "Imekata. Damu imekata yenyewe. Mama? Unanisikia?"

Hayo yamepita miezi minne. Binti alipona, akabaki na kovu jembamba, na mjukuu ameanza kukaa. Siku nesi alipozitoa nyuzi alizitupa mwenyewe kwenye ndoo yake, akaondoka nayo. Kesho yake asubuhi zilikuwa dirishani, zote, zimefungwa pamoja kwa uzi wa damu ya mzee. Bi Sindano hajathubutu kuziondoa. Siku hizi hafumui tena kazi, na wateja wameanza kulalamika. Kila akifungua bonge jipya hukata kipande cha urefu wa kiganja, akakilaza pale karibu. Hakuna anayekichukua. Vimerundikana, vimeshika vumbi, na yeye huvitazama akajua kwamba chake hakitakiwi.

Na kila asubuhi Pengo hupita hapo akienda kazini, na sweta lake mwilini, kuwe na baridi, kuwe na jua. Husimama dirishani kwa adabu zote. Hupeleka mkono shingoni, akaichezea ile pini, aifungue, aifunge, aifungue.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Chumba cha pili binti huacha kumwimbia mtoto. "Mama," huita, "mbona nasikia kama kuna kitu kinanivuta?"

"Marahaba, mwanangu," hujibu Bi Sindano, huku akiitazama pini, na hathubutu kuvuta pumzi mpaka aione imefungwa.